Kabla Hujasaini Jeshi la Marekani kwa Ajili ya Kazi ya Serikali

Wageni wengi kutoka kwetu wakifika Marekani huomba kazi ya usafi katika Posta bila kujua kwamba mlango ule una wenyewe. Posta inaajiri hata mwenye kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani kudumu), lakini nafasi za usafi zimetengewa kisheria watu waliopita jeshini, na wengine hufikiriwa pale tu anapokosekana mwanajeshi wa zamani. Ulinzi, utarishi na kuendesha lifti katika serikali kuu ni hivyo hivyo. Mtu akikataliwa anailaumu lafudhi yake, kumbe ni sheria ya upendeleo wa ajira kwa waliopita jeshini, ya mwaka 1944, iliyotiwa saini na Rais Roosevelt vita vikiwa bado vinapiganwa.

Kwa sheria hiyo, mwanajeshi wa zamani anayestahili, aliyefaulu usaili wa maksi, huongezewa alama 5. Aliyepata ulemavu kwa sababu ya utumishi, au nishani ya Purple Heart wanayopewa waliojeruhiwa vitani, huongezewa 10. Siku hizi idara nyingi hupanga waombaji kwa makundi ya ubora, na ndani ya kundi lake huyo hutangulizwa.

Naiunga mkono sheria hii. Aliyetoa miaka ya ujana wake jeshini, wenzake wakijenga kazi zao uraiani, ana haki ya kusogezwa mbele. Lakini upendeleo wa namna hii una wanaoumia. Helen Feeney wa Massachusetts alifanya mtihani wa kazi ya serikali ya jimbo mwaka 1971, akashika nafasi ya pili kwa maksi, akashushwa hadi ya sita nyuma ya wanaume watano waliopita jeshini. Alishtaki, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi ikaihalalisha sheria ya jimbo lake ya kuwapendelea waliopita jeshini, kwa kura 7 dhidi ya 2. Wakati huo wanawake karibu wote walikuwa nje ya jeshi, kwa hiyo walioachwa nyuma walikuwa wao.

Sasa nizungumze na vijana wetu, maana hapa ndipo ninapopata uchungu. Wengi mnajiunga na jeshi la akiba au Gadi ya Taifa (National Guard) kwa sababu mnaweza kuendelea na chuo na kazi: mazoezi wikendi moja kwa mwezi, na wiki mbili hivi kila mwaka. Uraia unapatikana haraka kwa njia hiyo, na bila uraia kazi nyingi za serikali kuu huzigusi. Ila muda wa mafunzo peke yake hauhesabiwi kwenye upendeleo huu. Kwa kawaida lazima uwe umeitwa kwenye utumishi kamili kwa amri ya serikali kuu, na uwe umeondoka kwa heshima. Nimewaona vijana wamevaa gwanda miaka kadhaa, wanaomba kazi wakidhani wana alama 5, wanaambiwa hawana hata moja. Inauma, kwa sababu hakuna aliyewafafanulia mapema. Kabla ya kusaini, muulize ofisa anayekuandikisha: utumishi huu utaniingiza kwenye upendeleo wa ajira? Mwombe akuonyeshe kwa maandishi.

Ukitoka, fomu DD-214, yaani hati ya kuachana na jeshi, itunze kama hati ya shamba. Bila hiyo huthibitishi chochote.

Na dada zetu mnaowauguza waume walioumia jeshini, sikilizeni. Ikiwa ulemavu wake unatokana na utumishi na umemzuia kufanya kazi ya serikali katika fani yake, mke anaweza kuziomba zile alama 10 kwa jina lake mwenyewe. Wajane, na hata baadhi ya akina mama wa wanajeshi waliofariki, nao wana fungu lao kwa masharti. Fomu inaitwa SF-15. Jazeni, ambatanisheni hati zake, mzipeleke pamoja na maombi ya kazi.