Mkwaju wangu wa bonsai: matofali, shaba na kikundi

Mkwaju wangu wa kwanza wa bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo chunguni, niliuua kwa maji. Niliununua mche kando ya barabara hapa Dar es Salaam, nikaupanda kwenye chungu kifupi chenye udongo mweusi wa bustani, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Wiki ya tano majani yakapukutika. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza na kunuka.

Nikaupeleka vilevile kwenye kikundi chetu cha bonsai. Tuko tisa, tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mzee wetu akaiminya ile mizizi kwa vidole. "Mwanangu, mti huu umekosa pumzi." Akanikabidhi nyundo na gunia la vipande vya matofali ya kuchoma.

Nilishinda naponda. Wajapani hutumia akadama, udongo wa punjepunje unaotokana na majivu ya volkano, lakini kuuagiza ni gharama, tofali linatutosha. Tunachekecha, vumbi tunalitupa maana ndilo linaloziba, zinabaki punje za ukubwa wa kunde. Makopo 3 ya tofali, 1 la mkaa uliopondwa, 1 la mboji iliyoiva. Maji yakimwagwa yanatokea chini papo hapo, kwenye matundu ya chungu tuliyoyafunika kwa wavu wa dirisha.

Mkwaju wa pili niliuotesha kwa mbegu. Mzizi mkuu niliukata kwa awamu mbili ili mizizi ya pembeni ipate nguvu kwanza.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuuzungushia mti waya ili ushike umbo. Tunatumia shaba ya nyaya chakavu za umeme. Plastiki tunaichuna kwa kisu, hatuichomi, moshi wake ni sumu. Kisha shaba inaingia kwenye jiko la mkaa, wakati wa magharibi, ili rangi ionekane vizuri: ikiiva wekundu uliofifia, itoe. Ikipoa inalainika, unaizungusha bila kuuumiza mti, na kadiri unavyoipinda ndivyo inavyokaza na kushika umbo. Mimi nazungusha kwa mshazari, dada mmoja wa kikundini ananishikia shina. Peke yangu nilishavunja matawi mawili. Mkwaju hupindika ungali mbichi tu.

Masika yaliyofuata nikasafiri wiki sita. Kwa mvua ile shina likanenepa haraka, waya ukazama kwenye gome. Nilitaka kuufungua kwa kuuzungusha kinyume, Mzee akanizuia mkono. Tuliukata kipande kwa kipande kwa koleo, saa nzima.

Sasa una sentimita 30, shina limepinda kama nilivyokusudia, na jioni vijani vyake hujikunja sawa na vya mkwaju mkubwa. Kovu bado linalizunguka shina mara tatu. Mzee anasema gome litalijaza. Kila kikao nalipapasa kwa kidole. Mzunguko wa chini umeanza kujaa.