Tafakari ya Juma: Kazi Ifanyikayo Tukiwa Tumelala

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Zaburi ya 139, hasa mstari wa 13 hadi wa 16, ambamo mwimbaji anamshukuru Mungu kwa kuwa ameumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha. Nilikuwa nimeliandaa somo hilo kwa ajili ya darasa la watoto la Jumapili iliyopita, nikiwa na maswali sita na majibu yake kwenye karatasi, wala sikufika swali la pili, kwa sababu nilianza na mchezo mdogo wa vidole ambao uliteka kipindi chote.

Hata ninyi mnaweza kuujaribu sasa hivi. Weka kiganja juu ya meza, kunja kidole cha kati kwa ndani mpaka pingili yake iguse ubao, vingine vikiwa vimenyooka, kisha uinue kimoja kimoja. Gumba kitainuka bila shida, cha shahada vilevile, na hata kidole cha mwisho, lakini cha pete kitabaki kimelala kana kwamba kimegandishwa na gundi. Watoto walicheka, wakasaidiana kukivuta, na mmoja akakikemea kwa sauti ambayo bila shaka aliisikia kwa mama yake. Sababu ni kwamba misuli inayovikunja na kuvinyoosha vidole haikai ndani ya vidole vyenyewe. Imekaa kiganjani, na iliyo mikubwa zaidi imekaa kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, nayo huvivuta kwa kano zilizo mfano wa kamba, na kano za kidole cha kati na cha pete zimeshikamana kwa namna ambayo mmoja akifungwa mwenzake hukosa uhuru. Niliwaambia washike mkono chini kidogo ya kiwiko huku wakichezesha vidole, na nyuso zao zikabadilika walipohisi kitu kikitembea chini ya ngozi, mahali ambapo hawakukitarajia.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kurudi kwenye karatasi yangu. Tukaingia katika mifupa, na wakashangaa kusikia kwamba kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole kuna mifupa 27, na kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini kuna 26, kwa hiyo mikono na miguu kwa pamoja inabeba 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Nilipoongeza kwamba mtoto mchanga huzaliwa na vipande vipatavyo 300, vingi vikiwa bado ni gegedu, mmoja aliuliza kwa hofu vile vingine vimepotelea wapi, naye alitulia tu alipoelewa kwamba havikupotea, bali huungana polepole kadiri mtoto anavyokua. Na shingo ya mtoto ina pingili 7 za uti wa mgongo, idadi ileile iliyo katika shingo ya twiga. Hilo walilirudia mpaka nje ya mlango.

Ninakiri kwamba zamani niliyatumia mambo kama haya vibaya. Niliyakusanya kama mtu anayekusanya mawe, ili siku nikikutana na asiyeamini nimrushie. Mwimbaji wa zaburi hakufanya hivyo. Hakujua kuna mifupa 206, hakujua seli ni nini, na hakuwa anabishana na mtu. Alishukuru kwa kazi ambayo hakuihesabu na ambayo ilifanyika kabla hajaweza kuomba lolote, alipokuwa bado anafumwa tumboni mwa mama yake. Hata alama za vidole, ambazo pacha wanaofanana hawazishiriki, huchorwa miezi mingi kabla ya kuzaliwa, wakati mwenye vidole hana habari.

Kisha tukasikiliza mioyo. Nilimwomba kila mtoto aweke sikio kifuani pa jirani yake na ahesabu mapigo kwa dakika moja, na darasa lililokuwa na kelele likanyamaza kuliko linavyonyamaza wakati wa sala. Mapigo yao yalikuwa ya haraka kuliko yangu, jambo la kawaida, kwa sababu moyo wa mtoto ni mdogo, unalingana na ngumi yake mwenyewe, na hulazimika kudunda mara nyingi zaidi. Wa mtu mzima hudunda takriban mara 100,000 kwa siku. Binti mdogo kuliko wote, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, ndiye aliyeuliza: “Mwalimu, nikilala, nani anaukumbusha moyo wangu?”

Swali hilo halikuwa miongoni mwa maswali yangu sita. Nilimjibu lile ninalolijua, kwamba ndani ya moyo, katika chumba cha juu upande wa kulia, kuna fungu dogo la seli ambalo huanzisha kila pigo lenyewe, na kwamba ubongo unaweza kuuharakisha moyo au kuutuliza, lakini moyo haungoji amri yake ili udunde. Alifikiri kidogo, akasema, “Basi nitalala.” Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi juma hili, na kila mara yamenipeleka kwenye mfano wa Bwana wetu katika Marko sura ya 4, wa mtu aliyetupa mbegu katika nchi, akawa akilala na kuamka, usiku na mchana, nayo mbegu ikakua asivyojua yeye. Tumezoea kuusoma mfano huo tukiitazama mbegu. Safari hii nilimtazama mtu yule, ambaye hakukemewa kwa kulala.

Nao watoto hukua zaidi usiku kwa namna ambayo wanaweza kuisadiki kwa macho. Homoni inayowakuza humiminwa kwa wingi wakiwa katika usingizi mzito. Zaidi ya hayo, zile diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, ambazo hubanwa mchana kutwa na uzito wa mwili, hunyonya maji na kuvimba tena mtu anapojinyoosha kitandani, hata asubuhi huwa mrefu kuliko alivyokuwa jioni kwa takriban sentimita 1. Niliwapa kazi ya kupimwa ukutani mara mbili, kabla ya kulala na mara wanapoamka, na sharti ni kwamba asiruhusiwe mtu kusimama kwa ncha za vidole.

Nilitaka kumalizia na damu, na hapo ndipo nilipojikwaa. Niliwaambia kwamba seli nyekundu, zinazobeba oksijeni, huishi siku zipatazo 120 kisha hufa, na kwamba uboho ulio ndani ya mifupa ya mtu mzima hutengeneza nyingine mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde ili kuziba pengo. Kijana mmoja, ambaye hukosa darasa mara kwa mara kwa sababu ana ugonjwa wa selimundu, aliinua mkono akasema bila uchungu wowote, “Mwalimu, zangu haziishi siku hizo.” Alikuwa sahihi, naye anaujua ugonjwa huo kuliko mimi: seli za mwenye selimundu hujipinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali, na mara nyingi hufa kabla ya kutimiza siku 20. Karatasi yangu ilikuwa na sentensi isemayo kwamba kila mwili umeumbwa bila kasoro. Nashukuru kwamba sikuwa nimeisoma.

Zaburi haisemi hivyo. Inasema ajabu ya kutisha, na mtu aliyewahi kukesha kando ya kitanda cha mtoto mwenye maumivu anaujua upande wa pili wa maneno hayo, kwamba mwili huohuo unaotufurahisha unaweza kututisha. Wala mwimbaji hafiki kwenye mstari wa 14 kwa njia ya furaha peke yake. Katika mstari wa 8 alikwisha kusema kwamba hata angetandika kitanda chake kuzimu, Mungu yuko huko. Tunapousoma mstari wa 14 kwa watoto, tukauacha ule wa 8 kwa sababu unaonekana mzito, tunamwacha nje mtoto ambaye huenda ndiye aliyeuhitaji. Niliwasomea wote wawili. Kijana yule aliniomba nirudie neno kitanda, nami nikarudia.

Halafu akauliza: ikiwa seli zake zinakufa mapema, zinazofuata zinatoka wapi? Nikamwambia kwamba zinatoka palepale, katika uboho, isipokuwa uboho wake hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kuliko wa wenzake ili kuzifidia zile zinazowahi kufa. Akatazama miguu yake kwa muda, kama mtu anayetazama nyumba ambayo hakujua kwamba ndani yake kuna watu.

“Basi kiwanda changu hakilali,” akasema.

Binti yule mdogo, ambaye tangu swali lake alikuwa akizunguka darasani kusikiliza vifua vya watu, aliinama, akaweka sikio lake juu ya muundi wa mguu wa kijana huyo, akainua mkono kutuomba tunyamaze.