Siku moja na mdudu anayevaa vazi la mwenyeji wake

Saa 12:30 asubuhi. Bajaji kutoka Chikongola, mkobani ming'oko ya kuchemsha. Ni Julai, wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo kila koo linalowasha Mtwara nzima linasingiziwa salfa.

Saa 1:45, maabara. Kabla ya chai nafungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Sahani yenye damu niliyoipandikiza jana ute wa koo la mtoto wa miaka 8 aliyekuja juzi, imeota vitone vidogo. Kila kitone kimezungukwa na duara angavu, maana chembe nyekundu zimepasuliwa. Karibu na karatasi yenye bakitrasini, dawa ya kuua bakteria, hakujaota kitu. Kwenye darubini, mnyororo wa shanga za zambarau. Streptococcus pyogenes, bakteria anayeumiza koo, sina shaka sana.

Saa 4. Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo ananiuliza, "Kaka, kwani askari wa mwili, chembe nyeupe za damu, wanakuwa wapi?"

Wapo, ila wanachezewa. Huyu mdudu hujifunika asidi ya hayaluroniki, ileile iliyomo kwenye viungo vyetu, hivyo askari akipita anaona mwenyeji. Chini yake kuna protini M, aliyoigundua Rebecca Lancefield wa Marekani miaka ya 1920. Hiyo hunasa protini yetu ya damu, fakta H, ambayo kazi yake ni kuwaambia walinzi "msipige hapa, ni kwetu". Nayo mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, sivyo? Mwili una mbiu yake, C5a, ya kuziita chembe nyeupe. Mdudu ana kimeng'enya cha kuikata. Zikifika hata hivyo na kumtupia nyavu zilizosukwa kwa DNA yao wenyewe, ana mkasi wa nyavu pia! Mimi huwa namchukia na kumheshimu kwa pamoja.

Saa 7. Umeme umekatika. Jenereta. Ming'oko imepoa.

Saa 8:20. Bibi wa mtoto yuko mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Si salfa ile?"

"Majibu yako kwa daktari, bibi. Dawa akiandikiwa mpe mpaka iishe, hata koo likipona." Penisilini bado inamweza mdudu huyu. Ninachohofia ni moyo: kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake zinaweza kugeuka na kuumiza valvu, vile vilango vya moyo.

"Kwa hiyo salfa haina kosa?"

"Salfa inawasha, bibi, ila haioti kwenye sahani."

Akanyamaza kidogo. "Basi mimi nami koo linaniuma tangu jana, na tunalala kitanda kimoja."

Saa 9:40. Daktari kamwandikia bibi kipimo. Napandikiza sahani yake.