Swichi ya chini ya ngazi: nilivyoinyamazisha na kuigawa VLAN, Mikindani

Nyumba ya shangazi yangu pale Mikindani ni ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima hadi kiwiko. Wi-Fi haipenyi humo. Ruta ikikaa kaunta, mgeni wa chumba cha uani lazima asimame mlangoni ndipo apate mtandao, tena wa kubahatisha. Shangazi alipoamua kulaza wageni (wanunuzi wa korosho msimu unapoanza Oktoba, na watalii wachache wanaokuja kuona Boma la Wajerumani la mwaka 1895) tukakubaliana tuvute waya: vituo vitatu vya Wi-Fi na kamera sita, kila kimoja na waya wake, na umeme wake upite kwenye waya huohuo tusije tukatoboa kuta kutafuta soketi. Hiyo ndiyo PoE, na swichi (kifaa kinachokutanisha waya za mtandao, kila waya kwenye tundu lake liitwalo poti) yenye PoE ikiwa mpya bei yake haishikiki. Nikaagiza mtumba kutoka Kariakoo, ya poti 24, ile ya kufungwa kwenye raki za maofisi, fremu za chuma za kupangia mashine. Ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye blanketi.

Mahali pa kuiweka palikuwa pamoja tu, kabati chini ya ngazi, ambako waya zote zinakutana. Kabati hilo linapakana ukuta na chumba namba mbili. Nilipoiwasha, shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Mwanangu, umeniletea mashine ya kusaga?”

“Hapana shangazi, ni feni zake tu. Nitazituliza.”

“Uzitulize kabla mgeni wangu hajalala. Huyu analipia usingizi.”

Kila fundi niliyemuuliza alinijibu haraka: ng'oa feni hizo, tia za taratibu. Ni kweli, lakini si pa kuanzia. Kelele ya swichi ni jawabu la joto. Ukiziba jawabu bila kugusa swali, utapata kimya cha miezi michache halafu ununue swichi nyingine. Kwa hiyo nilianza kwa kujiuliza: joto hili linatoka wapi, na ni kiasi gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. PoE ya kiwango cha 802.3af inaruhusu wati 15.4 kwa poti. Zidisha kwa poti 24 unapata karibu wati 370, na ndizo zilizoandikwa kwenye ubavu wa swichi yangu. Aliyeitengeneza alilazimika kuweka feni za kupoza mzigo huo wote, ndani ya raki iliyobanana na mashine nyingine. Sisi kwetu kamera inakula wati nne au tano, kituo cha Wi-Fi wati saba au nane. Jumla yote haifiki wati 60. Feni zile zilipigiwa hesabu ya mzigo ambao nyumba ya shangazi haitaubeba hata akiongeza ghorofa. Hapo ndipo nilipoona kwamba nafasi ya kupunguza kasi ipo, na ipo kubwa. Kama ningekuwa na vifaa kwenye poti zote 24, nisingethubutu.

Upande wa pili wa hesabu ni hewa ya Mikindani yenyewe. Swichi nyingi za aina hii zimeandikiwa kufanya kazi mahali pasipozidi nyuzi 45. Wakati wa kaskazi, kabati likiwa limefungwa, kipimajoto changu kilisoma nyuzi 39 humo ndani. Yaani kabla swichi haijatoa jasho lake, tayari tuko karibu na ukingo. Feni ya aina gani ingesaidia hapo? Ingezungusha tu hewa moto ileile.

Basi nikaanza na kabati. Nikakata tundu chini ya mlango na jingine juu, upande wa korido. Sikutumia kidirisha cha upande wa ghuba, ingawa ndicho kingeleta upepo mzuri. Upepo huo unakuja na chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu inakula miguu ya shaba ya soketi za mtandao mpaka zigeuke kijani. Kwenye tundu la juu nikafunga feni moja ya milimita 120, ya volti 12, inayozunguka taratibu ikivuta hewa kwenda nje. Uso wake ni mara tisa ya feni ya milimita 40, hivyo hailazimiki kukimbia ili isogeze hewa ya kutosha. Kwenye tundu la chini nikabana kipande cha chandarua. Vumbi kinalipunguza kidogo, lakini kazi yake hasa ni mijusi. Anayeishi pwani anajua mjusi anavyopenda sehemu yenye vuguvugu.

Ndipo nikaifungua swichi. Hapa nisemee jambo moja kwa sauti: swichi ya PoE ina pawasaplai ndani yake inayopokea volti 230, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Niliichomoa, nikaiacha ikae muda mrefu, na sikugusa upande ule kabisa. Ndani palikuwa na vumbi jekundu lililogandamana kwenye bapa za alumini za kupozea, na maganda mawili ya mayai ya mjusi kando ya feni. Brashi kavu ya kupakia rangi, ile ndogo, ilitosha kusafisha.

Feni zilikuwa mbili, za milimita 40. Feni za udogo huo kwenye vifaa vya raki hukimbia mizunguko elfu nane, elfu kumi na zaidi kwa dakika, ndiyo maana sauti yao ni ya kukereketa masikio. Niliagiza mbili za kampuni ya Noctua, mfano NF-A4x20, za mizunguko 5,000 na desibeli 14.9 kwa maandishi ya mtengenezaji. Bei yake ilinifanya nihesabu mara mbili, nakiri, lakini za bei chee nilizowahi kutumia kwenye kompyuta zilianza kulia mapema. Kuna kanuni inayosaidia kuelewa: kasi ya feni ikipungua nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15. Kushuka huko sikio linakusikia vizuri sana.

Kabla ya kuchomeka feni mpya, pima. Rangi za waya si sheria, na mpangilio wa pini kwenye soketi ya swichi mara nyingi haulingani na wa feni ya dukani. Nilitumia mita kutafuta ipi ni volti 12 na ipi ni hasi, kisha nikazitoa pini kwenye kichwa cha plastiki kwa ncha ya sindano na kuzipanga upya. Waya wa tatu ndio wenye ujanja. Feni hutuma mapigo mawili kila inapozunguka mara moja, na swichi huyasikiliza. Zipo swichi zinazohesabu. Zikiona kasi imeshuka chini ya kiwango fulani, zinatangaza feni imekufa, taa inageuka ya rangi ya chungwa na feni iliyobaki inapigwa kasi yote. Yangu inaangalia tu kama feni inazunguka au imesimama, ikazikubali mpya bila ubishi. Ukitaka kununua mtumba kwa kazi hii, uliza swali hilo kwanza.

Kwenye upande wa amri, nikazima PoE kwa poti zote zisizohitaji. Swichi yangu inafuata amri za mtindo wa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, kwa hiyo ni “power inline never” ndani ya kila poti. Poti za kaunta, printa na televisheni hazina haja ya umeme huo. Mwisho nikaweka kipimajoto kwenye matundu ya kutolea hewa na kuiacha swichi ifanye kazi mchana kutwa, kamera zote zikiwaka. Hewa inayotoka ilikuwa nyuzi 46, kabati lenyewe nyuzi 33. Mgeni wa chumba namba mbili anasikia feni ya dari yake, basi.

VLAN (mitandao kadhaa iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) zilikuwa kazi ya kukaa chini na chai. Lakini swichi ya mtumba huja na kumbukumbu za ofisi ilikotoka. Nywila nisiyoijua niliivuka kwa kushika kitufe cha “Mode” wakati wa kuiwasha, nikiwa nimeunganisha waya wa konsoli, ule wa kuipa swichi amri moja kwa moja, kwenye kompyuta kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Wengi wakishafuta usanidi, yaani mipangilio ya swichi, hudhani wamemaliza. Orodha ya VLAN hukaa kwenye faili lake peke yake, vlan.dat, kwenye flashi (kumbukumbu ya ndani ya swichi), na halifutiki pamoja na usanidi. Nilifungua nikakuta VLAN za idara ambazo siwezi hata kuzikisia. Nikafuta faili, nikaiwasha upya, nikaiweka “vtp mode transparent” ili isije ikabadilishana orodha na swichi nyingine itakayoongezwa baadaye.

Mgawanyo wenyewe niliupanga kwa watu. Vifaa vikafuata. Nani hatakiwi kumwona nani? VLAN 10 ni ya shangazi na kaunta: kompyuta, printa, simu yake. VLAN 20 ni ya wageni. VLAN 30 ni ya kamera na mashine ya kurekodia. VLAN 99 ni ya kusimamia swichi, ruta na vituo vya Wi-Fi. VLAN 1, ambayo swichi huja nayo, sikuipa kazi yoyote. Namba za IP nikazifuatanisha, 192.168.10, 192.168.20 na kuendelea, ili ukiona anwani ujue mara moja kifaa kiko VLAN gani.

Poti ya kamera ni rahisi: “switchport mode access”, kisha “switchport access vlan 30”. Poti za vituo vya Wi-Fi ni tofauti kwa sababu kituo kimoja kinarusha mitandao miwili, wa wageni na wa shangazi. Hizo, pamoja na ile inayokwenda kwenye ruta, ni tranki, yaani poti zinazobeba VLAN zaidi ya moja. Kwenye tranki kila fremu (kifurushi cha data) hubandikwa lebo ya baiti 4 kwa utaratibu wa 802.1Q, biti 12 ndani ya lebo ni za namba ya VLAN, na ndiyo sababu namba zinaishia 4094. Tahadhari moja hapa: ukiongeza VLAN kwenye tranki iliyokwisha pangwa, andika “switchport trunk allowed vlan add 30”. Ukisahau lile neno “add”, orodha nzima inafutwa na kubaki 30 peke yake, na wewe uliyeunganishwa kwa njia ya 99 unajikuta nje. Kwa ajili hiyo, kabla ya kugusa tranki yoyote naandika “reload in 10”. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi swichi inajiwasha upya na usanidi wa zamani. Mambo yakienda sawa naandika “reload cancel” halafu nahifadhi.

Kuzungumzishana kwa VLAN kunafanywa na ruta, MikroTik ndogo iliyokuwepo. Kila VLAN ina DHCP yake, huduma inayogawia vifaa anwani; ya wageni inatoa anwani kwa saa chache tu, maana msimu wa korosho watu huingia na kutoka na simu mbilimbili, na anwani zipo 254. Sheria za ngome (firewall), zinazosema nani apite wapi: wageni waende intaneti tu, VLAN 10 ione kamera, kamera zisiende popote. Kamera zisipotoka nje saa zake huanza kupotea, kwa hiyo ruta ndiyo inayozipa saa.

Lakini VLAN haimkingi mgeni dhidi ya mgeni mwenzake, wote wako 20. Hilo nililimaliza kwa kuwasha kizuizi cha simu kwa simu kwenye vituo vya Wi-Fi, na “switchport protected” kwenye poti zao ili kituo kimoja kisipitishe kwa kingine. Televisheni ya sebuleni nikaiweka VLAN 20 kwa waya, poti yake haina kizuizi hicho. Mgeni akitaka kurusha video kutoka kwenye simu, simu na televisheni lazima ziwe VLAN moja, kwani matangazo ya kutafutana hayavuki.

Shangazi akauliza, “Na wanaotaka kuchapa tiketi?”

Nilikuwa nimeanza kufikiria sheria ya kuwafungulia printa kutoka 20.

“Waambie watume WhatsApp kaunta,” akasema mwenyewe. “Ndivyo nilivyozoea, na hela nalipwa hapohapo.”

Sheria hiyo sikuiandika. Nakala ya usanidi iko kwenye flashi ya kuchomeka ndani ya droo ya kaunta, na ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi ya poti zote 24: namba, kifaa, VLAN, na kama PoE yake imewashwa au la. Zilizo tupu bado, zote nimezizima kwa “shutdown”.