Siku moja na watoto 64 wa darasa la awali

Saa 11:30 alfajiri natoka nyumbani na kiroba cha machungwa na mfuko wa visoda. Dereva wa bodaboda ananiuliza siku hizi nafanya biashara gani. Namwambia naenda kufundisha hesabu. Anacheka mpaka pikipiki inayumba.

Saa 1:30, "Shikamoo mwalimuuu!" Marahaba, wanangu. Leo wamekuja wote 64. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, basi nusu nawapeleka kwenye mchanga wachore, nusu nakaa nao chini ya mwembe.

Saa 2:00. Kila mtoto na chungwa lake. Tunanusa, tunabingirisha, tunapanga kubwa na dogo. Nauliza lililoiva ni lipi. Wanajibu kwa pamoja: la njano! Ndivyo picha ya ukutani inavyowafundisha. Nachukua la kijani kabisa, nakata, natembeza vipande. Kimya. Kisha binti mmoja, juisi ikimchuruzika kidevuni: "Mwalimu, picha imedanganya." Hapa Muheza, mkoani Tanga, usiku hauna baridi ya kutosha kugeuza ganda, chungwa huiva likiwa kijani. Mtoto wa mkulima analijua hilo nyumbani, ila akifika darasani anaiamini picha. Nimekaa na jambo hilo asubuhi nzima.

Saa 3:00, kona ya duka. Visoda ndiyo hela. Muuza duka alikuwa na machungwa kumi, sasa anayo saba na hajauza hata moja. Mdomo wake unanukia. Tunahesabu yaliyoliwa kwa maganda. Kutoa nilikupanga kwa wiki ijayo, lakini kumekuja kwenyewe.

Saa 4:00, uji. Pilikapilika tu.

Saa 4:30 tunafinyanga udongo wa kichuguu. Anaingia bibi wa mmoja wao, daftari la mjukuu mkononi. Shikamoo bibi. "Marahaba. Mwalimu, mwezi wa pili huu, daftari jeupe. Mnacheza tu?"

Lawama hii naisikia kila muhula, na zamani ilinikera. Namwomba amtazame mjukuu wake akiminya udongo kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Vikiwa legelege, herufi zitamtoa machozi. Bibi hajibu. Anakunja kanga, anakaa kwenye mkeka, anachukua bonge la udongo na kuanza kuinua kingo za chungu kidogo, taratibu, akizungusha. Watoto wote wananikimbia, wanamzunguka yeye.

"Usiminye hivyo, mjukuu wangu, utatoboa. Lowesha kidole kwanza."

Saa 5:30 nawaaga wazazi getini. Bibi ananiuliza kichuguu chenyewe kiko wapi, maana udongo wangu una mchanga mwingi, kesho ataniletea mzuri.

Saa 8:00 nahesabu visoda. Vimepungua kumi na viwili. Kesho nitakagua mifuko.