Mnara Unaorefuka kwa Jua
Jua la Goma linapowaka baada ya mvua, mabati ya nyumba yetu hulia juu ya kuta za mawe meusi ya volkano, na juzi nilipopanda ngazi niliona misumari miwili imejing'oa yenyewe, kwa sababu fundi aliyabana mno. Chuma kikipata joto hutanuka. Kikinyimwa nafasi, hujitafutia.

Tangu hapo nauwaza Mnara wa Eiffel wa Paris, mnara wa chuma wenye urefu wa mita 330 pamoja na antena zake. Wakati wa joto kali kilele chake hupanda kwa sentimita kadhaa, na kwa kuwa upande unaopigwa na jua hutanuka kuliko ule wa kivulini, mnara wote huinama kidogo kana kwamba unalikwepa jua, kisha hurejea penye baridi ya usiku. Linalonigusa zaidi ni kwamba ulikamilika mwaka 1889 kwa kibali cha miaka 20 tu, na kilichouokoa usibomolewe ni manufaa yake katika mawasiliano ya redio.

Fundi atakaporudi, nitamwomba atoboe matundu mapana kidogo kuliko misumari.