Mkunga Naye Anahitaji Kukaliwa Matanga: Uzoefu Wangu wa Wodini

Nafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali moja iliyoko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Huku juu maji ni ya kugombea, usiku kuna baridi na ukungu, na mgonjwa akizidi uwezo wetu anapewa rufaa kushuka Ndanda au Mtwara mjini. Naandika kwa ajili ya wauguzi na wakunga wenzangu, hasa waliofika mahali pa kuvaa sare huku wakitamani mvua iharibu barabara wasifike kazini. Mimi nilifika hapo, na wenzangu ndio walionitoa.

Hali hiyo ni uchovu wa kazi, na si ule wa kulala ukaisha. Shirika la Afya Duniani liliueleza mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likasema ni hali inayotokana na msongo wa kazi uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, wala haikuuita ugonjwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hakuna unachofanya kikafaa. Nguvu kuisha tumekuzoea sote. Kilichonitisha ni hiyo ya pili. Mama analia leba, nami namsikia kama redio ya jirani. Mikono inafanya kazi yote inavyotakiwa, lakini mimi mwenyewe sipo. Nikatazama pembeni nikamwona mwenzangu, dada aliyekuwa na ulimi laini kuliko sote, sasa anawafokea wazazi kwa jambo la kanga tu.

Huku kwetu mtu akifiwa haachwi peke yake. Majirani watakuja, watatandika mikeka, watakaa. Wengine hawasemi neno asubuhi mpaka jioni, wamekaa tu, na mfiwa anajua yuko na watu. Watani watafanya yao mpaka kicheko kitoke penye kilio. Lakini mkunga aliyefiwa na mgonjwa mikononi mwake hana matanga. Si ndugu. Anamhifadhi marehemu, anatoka kuzungumza na familia, anajaza fomu, na kitanda cha pili mwingine ameshaanza kusukuma. Baadaye ataitwa kwenye kikao cha kupitia kifo, aulizwe saa ngapi alipima presha, saa ngapi alimwita daktari. Maswali hayo ni ya lazima, yanaokoa wengine, na siyapingi hata kidogo. Ila hakuna anayemuuliza usiku ule alilalaje.

Kukaliana matanga tulianza wawili, mimi na sista mdogo tuliyezoea kupangwa naye usiku. Alikuwa amesindikiza rufaa ya mama mwenye kifafa cha mimba, na mama yule akafariki njiani. Gari liliporudi alfajiri, alishuka na begi la dharura mkononi, zipu wazi, gauni limekauka madoa, na swali la kwanza aliloulizwa getini lilikuwa mtungi wa oksijeni uko wapi. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, nikampa chai ya rangi. Hakusema kitu. Nami sikumuuliza. Chai ilipoa. Kisha akasema: "Dada, mume wake alikuwa amekaa mbele na dereva. Mimi huku nyuma nimeshajua, yeye bado anauliza tumebakiza kijiji gani."

Alilia, nikakaa naye mpaka akamaliza. Sikuwa na la kumwambia, na mpaka leo naamini ningemwambia chochote ningemwongezea mzigo. Jioni, alipoamka, nilimpigia simu kumuuliza kama amekula.

Kuanzia hapo tukapatana: anayesindikiza rufaa lazima awe na mtu wa kumpokea akirudi. Awe kaokoa, awe kapoteza, apokewe. Mambo ya mtungi na begi yatafuata. Wenzetu wa zamu nyingine walipoona, wakaanza kufanya hivyo hivyo bila kuambiwa.

Kutoka hapo ndipo ikazaliwa nusu saa yetu ya kukaa na kusikilizana. Nilikuwa nimesoma habari za Zimbabwe, jinsi Dkt. Dixon Chibanda alivyoanza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza watu wenye msongo wakiwa wameketi kwenye benchi. Nikajiambia, kama bibi hawa wanaweza kufundishwa wakasikiliza kwa utaratibu, sisi tunaoshinda na wagonjwa tutashindwaje kusikilizana? Tukamfuata kaka mmoja muuguzi wa kitengo cha afya ya akili atufundishe. Alitufundisha mambo matatu yaliyomo katika mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. La kusikiliza ndilo lililotushinda siku nyingi. Muuguzi amezoea kuambiwa tatizo na kutoa dawa. Mwenzako hajamaliza sentensi, wewe umeshamshauri aombe uhamisho.

Tunakaa mara moja kwa wiki, baada ya zamu ya asubuhi kukabidhi, wanaotoka tu. Anayeingia kazini haji, maana si haki umfungue mtu moyo halafu umpeleke leba. Benchi ni lile lile la kufulia. Msimu ukiwepo mtu huleta ming'oko (viazi vya porini vya huku kwetu) ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, na nimeona mikono ikiwa na kitu cha kumenya, mdomo unafunguka wenyewe. Mgonjwa hatajwi jina. Hakuna kuandika. Hakuna anayelazimishwa kusema. Inchaji akija, anakuja kama muuguzi aliyechoka, na atakayoyasikia hayafiki ofisini. Kundi la WhatsApp tulilikataa kabisa, kwa sababu ujumbe wa kazi humfuata mtu mpaka kwenye chandarua chake.

Hatuulizi "za kazi?", maana jibu lake ni nzuri, hata kwa mtu aliyekesha na vifo viwili. Tunauliza zamu hii nini kimekulemea. Mwingine anataja mgonjwa, mwingine anataja ndugu wa mgonjwa aliyemtukana, mwingine anataja glavu zilizoisha usiku. Yupo kaka mmoja, mwanamume pekee wodini kwetu, aliyekuja miezi kadhaa anamenya ming'oko na kunyamaza. Hatukumgusa. Siku aliyosema, alisema habari ya mtoto njiti aliyemfia kabla hata hajaja kituo chetu, alikuwa ametembea nayo muda wote huo.

Hata hivyo, maneno peke yake hayamwongezei mtu usingizi. Yaliyokuwa yakijirudia kwenye benchi tuliyabeba, bila majina, tukampelekea matroni. Tulimwomba aliyekesha usiku mfululizo asirudishwe asubuhi kabla ya kupumzika, akakubali, ratiba ikabadilika. Tulimwomba pia likizo zipangwe mapema, kwa sababu wengi wetu tuna mikorosho, na minada ikianza Oktoba kila mtu anataka ruhusa kwa pamoja, kisha mvua zinaleta malaria na wodi zinajaa waliobaki wachache. Sasa tunapangiana tangu katikati ya mwaka nani aende lini. Idadi yetu bado ni ndogo kwa kazi iliyopo, na hilo naendelea kulisema kila kikao, kwani kusikilizana kusije kukafanywa badala ya kuajiri.

Kuna mzigo ambao benchi haliubebi, na hapa nawasihi msikilize. Mwenzako akikosa usingizi wiki kwa wiki hata akiwa likizo, akiacha kula, akianza kunywa ili alale, au akisema afadhali afe, huo umeshavuka uchovu wa kazi. Huenda ni sonona, nayo ina matibabu. Usimwambie tu aende kliniki. Nenda naye. Mmoja wetu tulimsindikiza kwa zamu, tukikaa nje mpaka atoke, na matroni alimwondolea usiku bila kumuuliza maswali mbele za watu. Leo yuko kazini, na ndiye anayewapokea wanaorudi na rufaa.

Wodi ya watoto wameomba kuanza na wao. Yule kaka wa afya ya akili amesema wasizidi sita kwa kikao, na wakae wa zamu moja, ili aliyesema Jumatano aonane na mtu anayejua anapoingia kazini Alhamisi. Benchi wameshapata, liko upande wa kliniki ya mama na mtoto, chini ya mwembe. Kilichobaki ni matroni kuiandika nusu saa hiyo kwenye ratiba kama saa ya kazi, isije ikategemea huruma ya inchaji, na ombi hilo tumeshalipeleka.